Mtoto Kunyamaza Si Mtoto Kupona: Dawa za Siri za Enzi za Malkia Victoria

Leo hatutazungumzia ugonjwa mmoja. Tutazungumzia chupa ya dawa, na tutarudi nyuma zaidi ya miaka 150 ili tuelewe kwa nini mama anapaswa kuuliza kilichomo ndani yake kabla ya kumpa mtoto.

Ukiingia duka la dawa hapa Mtopanga, au ukienda Kiembeni, Bamburi au Kongowea, utaiona chupa ndogo ya maji matamu yenye harufu ya viungo. Mtoto anapolia usiku kucha, akikunja miguu na kukaza tumbo, majirani husema ana chango, na mmoja wao hataacha kuitaja chupa hiyo: gripe water. Wengi tulinyweshwa sisi wenyewe tukiwa wachanga. Ni wachache wanaojua ilitoka wapi. Ilibuniwa mwaka 1851 na mwuza dawa mmoja aitwaye William Woodward, katika mji wa Nottingham, Uingereza. Wakati huo Malkia Victoria alikuwa na miaka 14 katika kiti cha enzi.

Kisauni katika zama hizo

Malkia Victoria alitawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901. Msidhani zama hizo zilikuwa mbali na sisi. Mwaka 1844 mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mwezi Julai mwaka huo huo, siku chache tu baada ya kujifungua mtoto wa kike, mama yule alifariki kwa homa. Kichanga naye hakuishi. Walizikwa upande wetu huu wa bara, na kaburi lao liko Nyali hadi leo. Mwaka 1875 Wamishenari wa Kanisa la Kiingereza walianzisha Frere Town, makao ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na kengele yao ndiyo iliyotuachia jina la Kengeleni.

Katika miaka ile hakuna mtu, Mwafrika wala Mzungu, aliyejua homa ile inaletwa na nini. Kimelea cha malaria kilionekana mara ya kwanza katika damu ya mgonjwa mwaka 1880, na daktari Mfaransa Alphonse Laveran. Mwaka 1897 ndipo Ronald Ross, akiwa India, alipoonyesha kwamba mbu ndiye anayekibeba. Kabla ya hapo watu walisema homa inatokana na hewa mbaya ya vinamasi. Na pale ambapo chanzo cha ugonjwa hakijulikani, kila mtu anaweza kuuza dawa yake.

Stempu iliyowadanganya watu

Huko Uingereza na Marekani biashara hiyo ilipamba moto. Dawa zilijaa madukani na magazetini, kila moja na jina la kuvutia na picha nzuri. Tunaziita dawa za siri, kwa sababu mtengenezaji hakulazimika kumwambia mnunuzi ametia nini ndani. Dawa moja iliweza kutangazwa kuwa inatibu kikohozi, baridi yabisi, ini, vidonda na huzuni, yote kwa pamoja.

Tangu mwaka 1783 sheria ya Uingereza ilizitoza kodi dawa hizi, na stempu ya serikali ikawa inabandikwa kwenye kila chupa au boksi. Mnunuzi wa kawaida akiona stempu ile alidhani serikali imeipima dawa na kuipitisha. Kumbe ile ilikuwa risiti ya kodi tu. Hakuna aliyekuwa amepima kitu.

Sharubati za usingizi

Dawa zilizowaumiza watoto zaidi zilikuwa tamu. Moja ilijulikana kama Godfrey's Cordial. Ilikuwa sharubati ya sukari iliyochanganywa na kasumba, yaani afyuni. Kila mwuzaji alikoroga yake, kwa hivyo kijiko kimoja cha duka hili kilikuwa na nguvu kuliko vijiko viwili vya duka lile.

Ni nani aliyewapa watoto dawa hii? Tusikimbilie kuwalaumu akina mama wale. Katika miji ya viwanda kama Manchester na Nottingham, mama alirudi kazini wiki chache baada ya kujifungua, kwa kuwa bila mshahara hapakuwa na mkate. Mtoto aliachwa kwa mwanamke mzee wa mtaani, aliyekuwa na watoto wengine watano au sita. Mzee huyo alihitaji kimya. Kijiko kimoja asubuhi, kingine mchana, na watoto wote walilala.

Sasa sikilizeni vizuri jinsi kasumba inavyofanya kazi. Hupunguza kasi ya kupumua. Huondoa njaa. Mtoto aliyelala kwa kasumba haamki kunyonya. Siku ya kwanza mlezi hufurahi. Baada ya wiki kadhaa mtoto amekonda, macho yameingia ndani, ngozi imekunjamana kama ya mzee. Wengine walizidishiwa kijiko wakaacha kupumua usiku huo huo. Mara nyingi iliandikwa kwamba mtoto amekufa kwa udhaifu au kwa degedege, wala chupa haikutajwa.

Huko Marekani, mwaka 1849, ilianza kuuzwa sharubati nyingine katika mji wa Bangor, jimbo la Maine. Iliitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup, na ilitangazwa kama dawa ya mtoto anayeota meno. Picha zake zilionyesha mama mrembo na mtoto mnene aliyetulia. Ndani yake mlikuwa na mofini, takriban miligramu 65 katika kila mililita 30. Mofini hutoka katika kasumba, na ndiyo inayotengenezewa heroini, ule unga unaowaangamiza vijana wetu hapa Pwani. Hicho ndicho alichokuwa akipewa mtoto mchanga kwa kijiko, kwa mkono wa mama aliyempenda.

Poda ya meno na zebaki

Zama zile meno yalisingiziwa mambo mengi. Ripoti ya vifo ya Uingereza na Wales ya mwaka 1839 ilihesabu zaidi ya vifo 5,000 vilivyoandikwa kuwa vimesababishwa na kuota meno. Tunajua leo kwamba kuota meno hakuui. Watoto wale walikufa kwa kuhara, homa ya mapafu, utapiamlo na, tukisema kweli, wengine kwa dawa zenyewe.

Poda za meno zilikuwa na kalomeli, ambayo ni zebaki iliyochanganywa na klorini. Zebaki ni sumu ya ubongo na figo. Watoto waliopewa poda hizo walipata ugonjwa wa ajabu: mikono na miguu ikawa myekundu na kuuma, wakawa hawataki mwanga, hawataki kula, wakilia mchana na usiku. Mama akiona mtoto analia zaidi, alimwongezea poda. Ni mwishoni mwa miaka ya 1940 ndipo madaktari walipoitambua zebaki kuwa chanzo. Mwaka 1954 watengenezaji wa Uingereza waliiondoa kalomeli katika poda zao, na ugonjwa ule ukatoweka.

Hata kwetu Afrika Mashariki meno yamesingiziwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 ulizuka Tanzania uvumi wa "meno ya plastiki." Watoto wenye homa na kuhara walipasuliwa ufizi na kung'olewa vijino ambavyo havijatokeza bado, huku ugonjwa wenyewe ukiachwa bila tiba.

Siri iliyokuwa shubiri

Si kila dawa ya siri ilikuwa na sumu kali. Vidonge maarufu kupita vyote Uingereza vilikuwa Beecham's Pills, vya Thomas Beecham, aliyeanza kuviuza katika miaka ya 1840. Tangazo lake lilidai kwamba boksi moja lina thamani ya gini, yaani shilingi 21 za Kiingereza, ingawa liliuzwa kwa shilingi moja na senti kidogo. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilichapisha kitabu kiitwacho Secret Remedies, baada ya dawa nyingi kama hizo kupimwa maabara. Ndani ya vidonge vya Beecham walikuta nini? Shubiri, tangawizi na sabuni.

Naam, shubiri ile ile ambayo majahazi yamekuwa yakiibeba kutoka kisiwa cha Sokotra tangu kale, na tangawizi ya jikoni kwako. Shubiri huendesha tumbo, na mtu akishaharisha huona dawa imefanya kazi. Lakini kuendesha si kutibu, na kwa mtoto mdogo kuharisha ni kumpotezea maji mwilini.

Dawa za wasafiri zilikuwa na mchanganyiko huo huo wa kheri na shari. Daktari David Livingstone, aliyepita Unguja mwaka 1866, alikuwa na vidonge vyake vya homa. Baadaye kampuni ya Burroughs Wellcome iliviuza kwa jina lake. Vilikuwa na kwinini, dawa ya kweli ya malaria iliyotolewa katika gome la mti mwaka 1820 huko Ufaransa. Lakini kwinini hiyo ilichanganywa na ile ile kalomeli, pamoja na mizizi miwili ya kuharisha. Mwezi Januari 1867 sanduku lake la dawa liliibwa, naye akaona kama amehukumiwa kifo. Alifariki mwaka 1873. Miongoni mwa waliobeba maiti yake hadi pwani alikuwamo Matthew Wellington, ambaye baadaye aliishi hapa Frere Town na kufariki mwaka 1935.

Tukirudi kwenye chupa ya Woodward

Je, chupa ya gripe water ilikuwa na nini? Woodward aliiga dawa waliyopewa watoto wenye homa ya vinamasi huko mashariki mwa Uingereza. Alitia mafuta ya shibiti, mmea wa jamaa ya bizari nyembamba. Alitia bikaboneti ya soda, ndugu wa magadi. Alitia sukari na maji. Na alitia pombe, karibu asilimia 3.6, kiasi kinachokaribia bia nyepesi.

Haikuwa na kasumba, na kwa hilo ilikuwa afadhali kuliko nyingi za wakati wake. Lakini mama aliyesema "amekunywa, akatulia" hakujua kama kilichomtuliza mtoto ni shibiti, ni sukari, au ni pombe. Huko Uingereza pombe iliondolewa katika miaka ya 1990, na nyingi zinazouzwa siku hizi hazina pombe. Hata hivyo, hakuna uthibitisho madhubuti kwamba zinatibu kilio cha mtoto mchanga.

Sheria zilikuja baada ya makaburi

Mwaka 1905 mwandishi Samuel Hopkins Adams alifichua biashara ya dawa za siri katika gazeti la Collier's huko Marekani. Mwaka uliofuata, 1906, sheria ilipitishwa: dawa yenye kasumba, mofini au pombe lazima iandikwe hivyo kwenye lebo. Sheria hiyo haikuzipiga marufuku. Ilimpa mama haki ya kusoma tu. Mwaka 1911 chama cha madaktari wa Marekani kilizitaja sharubati kama ile ya Mrs. Winslow kuwa wauaji wa watoto. Uingereza ililazimisha kutaja vilivyomo mwaka 1941. Hapa Kenya sheria ya dawa na sumu ilianza kutumika mwaka 1957, na ndiyo inayoipa Bodi ya Dawa na Sumu mamlaka ya kusajili dawa na kutoa leseni za maduka.

Lakini msikilizaji, usidhani hadithi imekwisha. Mwaka 1937 dawa moja ya maji huko Marekani iliyeyushwa katika kemikali iitwayo daiethilini glaikoli, tamu lakini yenye kuharibu figo. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto. Mwaka 2008 na 2009, nchini Nigeria, kemikali hiyo hiyo ilikutwa katika dawa ya watoto wanaoota meno, na watoto 84 wakafa. Mwaka 2022, nchini Gambia, watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, na Shirika la Afya Duniani likatoa onyo kuhusu dawa 4 za maji za kikohozi na mafua. Chupa hizo zote zilikuwa na lebo nzuri.

Tufanye nini sisi wa leo?

Mama wa Mtopanga anayetoka alfajiri kwenda kazi ya hoteli, kiwandani, au kuuza mahamri, hana tofauti kubwa na yule wa Manchester. Anamwacha mtoto kwa yaya au jirani, na yaya naye anachoka. Kuna walezi wanaompa mtoto dawa ya mafua inayoleta usingizi ili wapate kufanya kazi. Hiyo ni Godfrey's Cordial iliyorudi kwa jina jingine. Zungumza na yaya wako kwa upole, bila ugomvi. Mwambie: mtoto asipewe dawa yoyote pasipo wewe kujua. Na ukirudi jioni ukamkuta mtoto analala kupita kawaida, uliza.

Mtoto mchanga analia kwa sababu nyingi: njaa, joto, nepi iliyolowa, hewa tumboni, au kutaka kubebwa tu. Kilio cha chango huanza wiki za kwanza, huzidi karibu na wiki ya 6, kisha hupungua chenyewe anapofika miezi 3 au 4. Mbebe wima baada ya kunyonya, umpapase mgongo mpaka abeue. Mtembeze. Mpe mtu mwingine akushike mkono ukichoka. Katika miezi 6 ya kwanza mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake: si gripe water, si maji, si dawa ya mitishamba. Dawa yoyote iwe ile aliyoandikiwa na mhudumu wa afya.

Kuhusu meno, mtoto anaweza kutoa udenda, kusumbuka na kutafuna vitu. Lakini kuhara na homa kali si meno. Katika umri ule anaanza kutambaa, anatia kila kitu kinywani, na anaanza kula chakula. Hapo ndipo vijidudu vinapoingia. Akiharisha, mpe maji ya ORS, endelea kumnyonyesha, na umpeleke kituo cha afya apate pia zinki.

Na dawa zetu za nyumbani? Tuziulize swali hilo hilo. Shubiri inaharisha. Baadhi ya wanja una madini ya risasi, nayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Kuwa cha jadi au kuwa cha dukani hakukifanyi kitu kuwa salama.

Mambo ya kukumbuka

1. Nunua dawa katika duka lenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu. Usinunue dawa ya mtoto kwa mchuuzi wa barabarani wala kwenye matatu.
2. Soma lebo: kilichomo ndani, jina la mtengenezaji, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kama huoni vizuri au hujui kusoma, mwambie mwuzaji akusomee. Ni haki yako.
3. Pima kwa kijiko au kikombe kilichokuja na dawa, kwa kiasi ulichoambiwa kulingana na uzito wa mtoto.
4. Usimpe mtoto dawa ili alale.
5. Mkimbize hospitali mtoto ambaye hanyonyi, anatapika kila kitu, amepata degedege, anapumua kwa shida, ana damu kwenye choo, hakojoi, au amelegea na haamki vizuri. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa asisubiri hata usiku mmoja. Kama amekunywa dawa yoyote, nenda na chupa yake.

Swali la kujadili katika kikundi: Katika nyumba yenu, ni dawa gani mtoto hupewa kwa sababu tu "hata sisi tulipewa"? Kuna anayejua kilichomo?

Akina mama wa zama za Victoria waliwapenda watoto wao kama sisi tunavyowapenda wetu. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia ukweli wa kilichomo kwenye chupa. Sisi tunaweza kuuliza na kujibiwa. Tuulize.